Risiti ya Fedha Zilizotumwa: Haki ya Mteja na Kinga ya Jamii ya Mpakani

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika miji yetu ya mpakani usemi huu una uzito wa pekee, kwa kuwa hapa fedha huvuka mpaka mara nyingi kuliko wenyewe. Muuza dagaa wa Busia hupokea malipo kutoka kwa mteja wake wa Kisumu. Dereva wa lori anayesubiri zamu yake Malaba humtumia mkewe karo ya watoto. Mzee wa Mutukula hupokea fedha za matibabu kutoka kwa mwanawe aliye Marekani. Wote hawa huziweka fedha zao mikononi mwa mtu wa tatu kwa muda mfupi, na katika muda huo kinachowalinda ni maandishi.

Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, na hapa Uganda mwaka 2009, maandishi hayo yamebadilika sura. Zamani yalikuwa karatasi yenye mhuri. Leo huenda yakawa ujumbe mfupi wa simu, karatasi nyembamba inayotoka katika mashine ya wakala wa benki, au ukurasa katika programu ya simu. Wananchi wengi hufika vituoni mwetu wakiwa na uchungu wa kweli na madai ya haki, lakini mkononi hawana chochote. Wengine walipewa risiti wakaitupa, wengine hawakupewa wakaona haya kuiomba. Ndiyo maana katika toleo hili tumeona vema kueleza sheria zinasema nini juu ya risiti, risiti kamili inafananaje, na mwananchi afanye nini fedha zake zinapopotea njiani.

Risiti ni nini, na si nini

Risiti ya kutuma au kupokea fedha ni uthibitisho kwamba mtoa huduma amepokea fedha zako au amekukabidhi fedha zako, kwa kiasi fulani, siku fulani, kwa masharti fulani. Mambo matatu huchanganywa nayo mara kwa mara, na yafaa tuyatenganishe.

Kwanza, risiti ya muamala si risiti ya kodi. Mamlaka ya Mapato ya Uganda ina mfumo wa risiti za kielektroniki ambao wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani wanalazimika kuutumia tangu Januari 2021. Risiti hiyo huthibitisha kwamba umenunua bidhaa au huduma. Haithibitishi kwamba fedha ulizotuma zimemfikia mtu. Mfanyabiashara anayenunua mzigo na kuulipia kwa simu anahitaji zote mbili.

Pili, jina lako kuandikwa katika daftari la wakala si risiti. Daftari lile ni kumbukumbu ya wakala. Analibaki nalo yeye. Lina manufaa kwa uchunguzi, na tunawasihi mlisome kabla ya kutia sahihi, lakini halichukui nafasi ya uthibitisho unaobaki mikononi mwako.

Tatu, neno la mdomo si risiti, hata likitoka kwa mtu unayemfahamu tangu utotoni. Tunasema hivi bila kudharau udugu. Wakala mwaminifu naye hulindwa na maandishi, kwa sababu siku akifariki, akiugua au akibadilisha kazi, hakuna atakayekumbuka kwa niaba yake.

Sheria zinasemaje

Nchini Uganda huduma za fedha zimegawanyika katika makundi kadhaa, na kila kundi lina sheria yake. Yote yanasimamiwa na Benki Kuu ya Uganda.

Kundi la kwanza ni maduka ya kubadilisha fedha za kigeni na kampuni za kutuma fedha. Haya yako chini ya Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 2004 na kanuni zake za mwaka 2006. Msingi wa sheria hiyo ni kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kufanya biashara hiyo bila leseni. Ofisi halali huiweka leseni yake mahali panapoonekana na hutoa risiti rasmi kwa muamala. Duka lisilotaka kukupa risiti limekupa onyo: ama halina leseni, ama linaficha sehemu ya biashara yake.

Kundi la pili ni mawakala wa benki, wale wenye mashine ndogo dukani ambao huweka na kutoa fedha kwa niaba ya benki. Kanuni za Uwakala wa Benki za mwaka 2017 zinawakataza mambo kadhaa, na matatu yanamhusu mteja moja kwa moja. Wakala haruhusiwi kufanya muamala wakati mtandao umekatika. Haruhusiwi kufanya muamala ambao mashine haiwezi kuutolea risiti au uthibitisho. Wala haruhusiwi kumtoza mteja ada yake mwenyewe, kwa kuwa malipo ya wakala hutoka kwa benki. Mwongozo wa uwakala wa benki uliotolewa na Benki Kuu ya Kenya mwaka 2010 una makatazo hayo hayo, kwa hiyo ndugu zetu wa upande wa pili wa mpaka wanaweza kuyadai kwa maneno yale yale.

Tuyatafakari makatazo hayo kwa mfano. Mteja anafika kwa wakala na shilingi 600,000 za kuweka benki. Wakala anamwambia, "Mtandao umelala, niachie fedha, nitaziweka jioni, risiti utaikuta kesho." Maneno haya huonekana kama msaada, hasa kwa mtu anayewahi basi. Kisheria, hata hivyo, hakuna muamala uliofanyika. Benki haijapokea kitu, wala haina deni kwa mteja huyo. Mteja amemkopesha jirani yake fedha bila hati. Zikipotea jioni hiyo, benki itasema kweli kwamba haikuzipokea. Kanuni iliyokataza muamala usio na risiti iliwekwa ili mwananchi asitumbukie katika shimo hilo.

Kundi la tatu ni huduma za fedha kwa simu. Hizi sasa zinatawaliwa na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2020. Sheria hiyo inataka kila mtoa huduma awe na leseni, na fedha za wateja ziwekwe katika akaunti ya amana iliyotengwa na mali ya kampuni yenyewe. Katika huduma hizi ujumbe mfupi unaofika mara baada ya muamala ndio uthibitisho. Baadhi ya watu hudhani ujumbe wa simu hauna nguvu mahakamani. Dhana hiyo si sahihi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inaeleza kwamba taarifa haiwezi kunyimwa nguvu ya kisheria kwa sababu tu iko katika muundo wa kielektroniki. Mahakama itapima uhalisi wake na namna ulivyohifadhiwa, lakini haitaukataa kwa sababu si karatasi.

Mambo yanayopaswa kuonekana katika risiti

Sura ya risiti hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Hata hivyo, kabla hujaondoka mbele ya wakala, tafuta mambo yafuatayo:

1. Jina la kampuni au benki, pamoja na jina au namba ya wakala. Namba ya wakala ni muhimu kuliko jina la duka, kwa sababu duka moja linaweza kubadilisha jina mara tatu kwa mwaka.

2. Tarehe na saa ya muamala.

3. Namba ya muamala, ambayo haifanani na ya muamala mwingine wowote. Kwa namba hiyo peke yake mtoa huduma anaweza kuutambua muamala wako kati ya mingine yote ya siku ile.

4. Kiasi kilichotumwa au kilichotolewa. Kisome kwa tarakimu moja moja. Sifuri moja iliyozidi au kupungua hubadilisha elfu hamsini kuwa laki tano.

5. Ada ya huduma, ikiwa imetenganishwa na kiasi chenyewe. Kwa Uganda, mtu anayetoa fedha kutoka akaunti ya simu hukatwa pia ushuru wa serikali wa asilimia 0.5 ya kiasi anachotoa. Ushuru huo ulianza Julai 2018 kwa asilimia 1, kisha mwaka huo huo ukapunguzwa na kubaki kwenye utoaji tu. Wengi huutilia shaka wakidhani wakala amewaibia. Ukijua hesabu yake utatambua makato halali na yasiyo halali.

6. Jina na namba ya mpokeaji, au ya mtumaji ikiwa wewe ndiwe mpokeaji.

7. Kiwango cha kubadilisha fedha, kama muamala umehusisha sarafu mbili.

8. Namba ya simu ya huduma kwa wateja, au mahali pa kupeleka malalamiko.

Jambo la saba linahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa hapa mpakani ndipo hasara nyingi za kimya kimya hutokea. Tuchukue mfano. Mteja anabadilisha shilingi 10,000 za Kenya. Ubaoni pameandikwa 28, maana yake atapata shilingi 280,000 za Uganda. Akikabidhiwa 275,000, huenda akadhani amekatwa ada ya 5,000, kumbe hakuna ada. Aliyemhudumia ametumia kiwango cha 27.5. Risiti inayotaja kiasi kilichotolewa bila kutaja kiwango haimsaidii kugundua jambo hilo. Inayotaja vyote viwili inamwezesha kupiga hesabu papo hapo na kuuliza akiwa bado yuko dirishani.

Fedha zitokazo ng'ambo

Familia nyingi za mpakani zina ndugu walio Marekani, Ulaya au nchi za Ghuba. Mpokeaji hapa hupewa risiti yake, lakini risiti yenye haki kubwa zaidi mara nyingi ni ile iliyobaki kwa mtumaji. Kwa hiyo tunashauri mwambieni ndugu yenu aihifadhi, na awatumieni picha yake.

Kwa wale wanaotuma kutoka Marekani, sheria ya huko inayohusu utumaji wa fedha nje ya nchi, iliyoanza kutumika Oktoba 2013, inatoa kinga zifuatazo. Kabla ya kulipa, mtumaji lazima aonyeshwe kiasi atakachotuma, ada, kodi, kiwango cha kubadilisha fedha na kiasi atakachopokea mlengwa. Baada ya kulipa, lazima apewe risiti yenye mambo hayo, pamoja na tarehe ambayo fedha zitapatikana, jina la mpokeaji, na maelezo ya haki zake. Ana dakika 30 tangu alipolipa za kuufuta muamala na kurudishiwa fedha zote, ikiwa bado hazijachukuliwa. Kukiwa na kosa, kwa mfano fedha hazikufika au zimefika pungufu, ana siku 180 kuanzia tarehe iliyotajwa kwenye risiti kutoa taarifa, na kampuni ina siku 90 za kuchunguza.

Maana yake kwa mpokeaji wa hapa ni hii: ukienda kuchukua fedha ukaambiwa kiasi kidogo kuliko alichokutajia ndugu yako, usianze ugomvi na karani wa dirishani, wala usimtuhumu ndugu yako. Linganisheni risiti mbili. Ile ya ng'ambo inataja kiasi ulichopaswa kupokea, na ile ya hapa inataja ulichopokea. Tofauti ikionekana, mtumaji ndiye mwenye nguvu ya kudai huko alikolipa, na muda wake una mwisho.

Hatutaki pia kupitisha hatari moja. Kila muamala wa aina hii una namba ya kuchukulia fedha. Kwa Western Union ni ya tarakimu 10, kwa MoneyGram ni ya tarakimu 8. Risiti yenye namba hiyo ni kama ufunguo. Usiipige picha na kuituma katika kundi la mtandaoni, wala usimwonyeshe mtu anayejidai kukusaidia kwenye foleni. Mtumie mpokeaji peke yake.

Kwa nini wakala anakuuliza kitambulisho

Tumesikia malalamiko kwamba mawakala hudai vitambulisho kana kwamba kila mteja ni mshukiwa. Kudai huko kuna sababu. Sheria ya Kuzuia Utakatishaji Fedha ya Uganda ya mwaka 2013 inawataka watoa huduma wamtambue mteja, waweke kumbukumbu za muamala, na wazihifadhi kwa muda usiopungua miaka 10. Nchini Kenya muda huo ni miaka 7. Fedha taslimu zinazozidi shilingi milioni 20 za Uganda katika muamala huripotiwa kwa Mamlaka ya Taarifa za Fedha. Kuripotiwa si kushtakiwa. Ni utaratibu unaomhusu kila mtu bila kujali cheo.

Kumbukumbu hizo zina faida kwa mwananchi pia. Risiti ikiungua pamoja na nyumba, muamala bado uko katika vitabu vya mtoa huduma, na waweza kuomba taarifa ya akaunti yako. Lakini ukitumia kitambulisho cha jirani, au laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, vitabu vyote vitasema fedha zile ni za mtu huyo. Hapo risiti yako itakusaliti badala ya kukutetea. Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu ni desturi iliyoenea hapa mpakani, ambapo mtu wa upande mmoja huazima laini ya upande wa pili ili apunguze gharama.

Nakala ya kitambulisho chako nayo ina ulinzi wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Faragha ya mwaka 2019 inamkataza aliyekusanya taarifa zako kuzitumia kwa jambo jingine. Ukiona wakala anafungia vitumbua kwa nakala za vitambulisho vya wateja, usicheke. Mkumbushe, kisha toa taarifa.

Vilevile, anayevuka mpaka akibeba fedha taslimu zinazozidi shilingi milioni 30 za Uganda, au thamani yake kwa sarafu nyingine, anatakiwa kuzitangaza kwa maofisa wa Mamlaka ya Mapato. Kutangaza si kulipa kodi, na kubeba fedha nyingi si kosa. Kosa ni kuficha. Risiti ya benki au ya duka la kubadilishia fedha ndiyo itakayoonyesha kwa urahisi fedha hizo zimetoka wapi.

Wabadilishaji wa mitaani na utumaji usio na leseni

Tunafahamu kwamba wabadilishaji wanaosimama kando ya barabara ni vijana wetu, na wengine wanajitafutia riziki kwa uadilifu. Tunafahamu pia kwamba maduka rasmi hufungwa jioni ilhali malori huendelea kuingia. Hata hivyo ni wajibu wetu kueleza ukweli wa kisheria: anayebadilisha au kutuma fedha kama biashara bila leseni anavunja sheria, na mteja wake hana risiti wala mahali pa kulalamika. Akipewa noti bandia, au akihesabiwa pungufu katika msukumano wa watu, hana namba ya muamala wala namba ya wakala ya kutuonyesha. Polisi watapokea malalamiko yake, maana wizi ni wizi popote ulipotendeka, lakini uchunguzi utaanzia gizani.

Hali ni hiyo hiyo kwa mitandao ya kutuma fedha kwa kuaminiana, ambapo mtu hupokea fedha upande mmoja na mwenzake hulipa upande wa pili. Utaratibu huo ni wa kale na uliwahudumia wafanyabiashara kwa vizazi vingi. Lakini viwango vya kimataifa vya kuzuia utakatishaji fedha vinataka kila anayehamisha fedha awe na leseni au usajili, na mteja atambulike. Anayetaka kuendelea na kazi hiyo njia ipo: aombe leseni, au awe wakala wa kampuni iliyo nayo.

Risiti za uongo

Walaghai nao wametambua thamani ya risiti, kwa hiyo wameanza kuzighushi. Mbinu tatu ndizo tunazokutana nazo zaidi.

Ya kwanza ni ujumbe wa kughushi. Mnunuzi anachukua mzigo, kisha simu ya muuzaji inalia: fedha zimeingia. Ukiutazama ujumbe kwa makini, umetoka katika namba ya kawaida ya simu na si kwa jina la kampuni, au salio lililotajwa halilingani na salio lako. Kanuni ni moja: usiamini ujumbe, tazama salio. Mzigo usiondoke kabla salio halijabadilika.

Ya pili ni ile ya "nimekosea kutuma". Baada ya ujumbe wa uongo, mtu anapiga simu kwa sauti ya huzuni akiomba urudishe fedha. Ukirudisha, unatuma fedha zako mwenyewe. Hata kama fedha zimeingia kweli, mwambie aliyepiga awasiliane na kampuni ili irekebishe kwa utaratibu wake. Nawe usizitumie fedha hizo, maana si zako.

Ya tatu ni picha ya risiti ya benki iliyobadilishwa tarakimu. Mwenye duka huonyeshwa picha kwenye simu na kuambiwa fedha zitaingia kesho. Picha si fedha. Benki yako ndiyo itakayokuambia kama zimeingia.

Kughushi hati ni kosa la jinai, na kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa ambalo Sheria ya Makosa ya Jinai ya Uganda inaliadhibu kwa kifungo kisichozidi miaka 5. Udanganyifu uliofanywa kwa kompyuta au simu unaweza kushtakiwa pia chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011.

Ukipata hasara, fanya hivi

Kwanza, usifute ujumbe wowote. Karatasi za mashine hufifia kwa joto na jua, hivyo piga picha ya risiti siku ile ile na uiweke mahali salama.

Pili, piga simu kwa huduma ya wateja ya kampuni mara moja. Fedha zilizotumwa kwa namba isiyo sahihi zina nafasi kubwa ya kuokolewa kabla hazijatolewa. Taja namba ya muamala, kisha andika jina la aliyekuhudumia, saa, na namba ya malalamiko utakayopewa.

Tatu, pambanua aina ya tatizo. Wakala amekataa kukupa risiti, amekutoza ada ya ziada, au kampuni imekaa kimya: hayo hupelekwa kwa makao makuu ya kampuni au benki, na yasipotatuliwa, kwa Benki Kuu. Fedha zimeibwa, risiti imeghushiwa, au mtu amejifanya asiyekuwa: hayo ni ya polisi. Na ikiwa ulimkopesha mtu kwa hiari yako naye hajalipa, hilo kwa kawaida ni deni, ambalo lina njia yake katika mabaraza ya kijiji na mahakama za madai. Kuwafunga watu kwa madeni si kazi yetu.

Nne, ukija kituoni, njoo na risiti au simu yenye ujumbe, kitambulisho chako, na maelezo ya mfululizo wa mambo. Kuandikisha malalamiko ni bure. Omba namba ya kumbukumbu kutoka kitabu cha matukio cha kituo. Ofisa akihitaji kuichukua risiti yako halisi kama kielelezo, una haki ya kupewa hati inayoonyesha kwamba imepokelewa, na ubaki na nakala. Mpolisi akiwa na haja ya kumbukumbu za benki au za kampuni ya simu, atazipata kwa utaratibu wa sheria. Hana haki ya kukuomba namba yako ya siri, wala mtu mwingine yeyote hana.

Tano, kama mshukiwa amevuka mpaka, usikate tamaa wala usivuke kumfuata na kundi la vijana. Majeshi ya polisi ya kanda hii yana ushirikiano wa muda mrefu kupitia umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki ulioundwa mjini Kampala mwaka 1998, na maofisa wa pande mbili za mpaka huwasiliana. Malalamiko yako yenye namba ya muamala yanaweza kusafiri kutoka kituo kimoja hadi kingine. Malalamiko yasiyo na namba hayafiki mbali.

Neno kwa mawakala

Ndugu zetu mawakala, risiti ni ngao yenu kabla haijawa ya mteja. Mteja anayerudi baada ya siku tatu akidai alitoa 300,000 na si 200,000 hujibiwa na karatasi, si na makelele. Toeni risiti bila kuombwa. Bandikeni ada mahali ambapo hata mtoto aliyetumwa na bibi yake ataziona. Someni kiasi kwa sauti ya chini mbele ya mteja asiyejua kusoma, mkamwonyeshe tarakimu, na mwache ahesabu fedha zake kwa utulivu. Mashine ikikataa kutoa risiti, simamisheni huduma. Mtapoteza kamisheni ya siku moja, lakini mtabaki na jina.

Kwa wananchi wote tunasema: kuomba risiti si dalili ya kutomwamini mwenzako, wala si utovu wa adabu. Ni haki iliyowekwa na sheria, na ni tendo dogo linalodumisha ujirani, kwa kuwa panapokuwa na maandishi hapana nafasi ya kudhaniana vibaya. Tunawaomba viongozi wa mabaraza ya vijiji, walimu na viongozi wa dini wausome waraka huu katika mikutano yao na kuwafafanulia wasiojua kusoma. Mwenye swali na aje kituoni kuonana na ofisa wa uhusiano wa polisi na jamii. Mlango wake uko wazi. Kwa jambo la dharura, piga 999 au 112 bila malipo.